Kamba ya upande wa kushoto

Kariakoo, Dar es Salaam
3 Agosti

Kwako ndugu yangu Athmani,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, isipokuwa goti la mama bado linamsumbua kwenye ngazi. Watoto wanakupa shikamoo. Najua utasema nimechelewa kujibu kwa uvivu wangu ule ule, lakini safari hii mwenye kosa ni kitabu.

Nilikiona kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubai karibu na studio. Kizito kama tofali, jalada limenyofoka. Ni historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia upande huu wetu, 1914 hadi 1918, na picha humo ni nyingi kuliko maneno. Jamaa alitaka elfu thelathini, tukaachana kwenye kumi na nane. Tangu siku hiyo wateja wa paspoti wananisubiri nje.

Unanijua, maandishi mimi nayaruka. Miaka ishirini na sita ya studio imenifundisha kutazama kivuli kimeangukia wapi na mpiga picha alisimama wapi. Nilichogundua kwanza ni kwamba kitabu kizima cha vita hakina picha hata moja ya watu wakipigana. Kuna maafisa kwenye viti vya turubai, kuna askari wamepanga safu, bunduki begani, wametulia kama wako kwangu wanasubiri niseme "tayari". Nyingine zimepigwa na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa akipiga picha huku tangu kabla ya vita. Simlaumu. Kamera za wakati ule zilitaka miguu mitatu, vioo vya kunasia picha, na mtu asiyetikisika. Nani atakusimamia hivyo risasi zikipita?

Penye mapigano wakaweka michoro. Kuna mmoja wa Tanga, Novemba 1914, pale Waingereza walipoleta jeshi la watu kama 8,000 kutoka India wakafukuzwa na kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambacho hakikufika hata robo yao. Mchoraji kachora minazi, moshi, madimbwi ya damu. Nyuki hakuwachora! Na ukimuuliza mtu wa Tanga habari za vita hivyo, ataanza na nyuki: risasi zilichokoza mizinga, wakatoka wakauma kila mwenye ngozi. Waingereza baadaye wakadai ulikuwa mtego wa Wajerumani. Nilicheka peke yangu, maana mzinga wa nyuki na mzinga wa vita kwetu ni neno moja, na siku ile yote miwili ililia pamoja.

Basi, picha iliyonichelewesha ni ya mzinga wa ile aina ya pili. Ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji hadi Waingereza walipoleta meli zao mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, wakaimaliza tarehe 11 Julai 1915. Meli ilikufa, mizinga yake kumi haikufa. Wajerumani waliichomoa, wakaitia magurudumu, ikaenda kupigana bara. Sasa nambie, nani aliivuta? Farasi na ng'ombe walikuwa wanaangushwa na mbung'o.

Katika picha, mzinga uko katikati, na Mzungu mwenye kofia pana ameegemea gurudumu. Maelezo ya chini yanataja jina la meli na upana wa mtutu, sentimita 10.5. Upande wa kushoto kuna kamba. Imekaza, inaelekea nje ya picha, na pale ukingoni kuna mkono mmoja na nusu ya bega. Picha imekatwa hapo.

Nilichukua kioo cha kukuzia nikarudi ukurasa wa kwanza. Wapagazi wapo, Athmani. Wako nyuma ya hema, chini ya sanduku, migongo tu kwenye mto. Halafu nikakumbuka kwamba kamera yenyewe, na miguu yake, na vioo vyake vizito, kuna kichwa kilichovibeba, na kichwa hicho hakikuwahi kusimama mbele yake.

Bibi yangu wa Kilosa, Mungu amrehemu, alikuwa na mjomba ambaye, kwa maneno yake, "alikwenda Kariakoo asirudi". Utoto wangu wote nilidhani mzee alipotea sokoni. Nilipohamia hapa nilikuwa nawaza, mtu anapoteaje kati ya nyanya na kanga? Kumbe bibi alikuwa anasema Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambacho kambi yake ndiyo iliyoupa mtaa huu jina, kama Kariokor yenu ya Nairobi. Waingereza waliwahesabu wapagazi wao waliokufa kufika kama 95,000, na hesabu yenyewe ina mapengo. Wengi hawakuguswa na risasi. Ni kuhara damu, homa, na unga ulioiva nusu kwa watu wasiouzoea.

Mwisho wa vita unaujua, Wajerumani kuweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo kule Zambia, 25 Novemba 1918, wiki mbili Ulaya ikiwa imekwisha nyamaza. Kitabu kina picha zake. Nilizipitia haraka.

Jana nilikwenda hadi Sanamu ya Askari kuitazama upya. Imesimama tangu 1927 na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi angalau wamemchonga mmoja akasimama na wenzake.

Nina ombi. Hapo Mombasa, Fort Jesus, uko mmoja wa ile mizinga kumi, jirani na wa Pegasus, meli ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Unguja mwaka 1914. Nenda jioni jua likilala, uchukue na kijana wako akupige picha. Nataka kuona mtu mzima akiwa ubavuni mwake, nipate kukisia kamba ile ilihitaji watu wangapi. Usisimame kwenye gurudumu. Kaa kushoto, mbali kidogo, na mwambie kijana asikukate bega.

Wasalaam,
nduguyo Hamisi