Mheshimiwa Waziri, sheria ya moshi ije nzima

Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya afya

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka nyuma ya kaunta. Ninaendesha baa, na nakuandikia hadharani kwa sababu sheria za vileo na tumbaku zinapojadiliwa huwa wanaitwa watu wa aina mbili: madaktari na wawakilishi wa viwanda. Daktari anamwona mlevi akishafikishwa wodini. Mwenye kiwanda anamwona kwenye ripoti ya mauzo. Sisi ndio tunaomwona saa nne usiku, anapotoka chooni na kwenda kuketi kwenye meza isiyo yake. Lakini mtu wa kiwanda akishamaliza kusema, inahesabiwa kwamba "sekta ya vileo" imesikilizwa. Mimi sijasikilizwa.

Nianze na sigara, na hapa najua baadhi ya wenzangu watanuna. Ukiamua kupiga marufuku uvutaji ndani ya baa, piga marufuku kabisa. Baa kubwa na ndogo, hoteli, kasino, klabu za wanachama, wote, siku moja. Usitupe chumba cha wavutaji wala "sehemu maalumu", na usimwachie mwenye baa achague mwenyewe. Inayotuumiza ni nusu sheria.

Chumba cha wavutaji ni kizuri kwenye karatasi: mlango unaojifunga wenyewe, feni ya kutoa moshi, tangazo ukutani. Sasa njoo Ijumaa usiku. Waliomo humo wanataka bia kama wengine. Mhudumu anaingia na trei, anausukuma mlango kwa kiwiko, anatoka na chupa tupu, na moshi unatoka naye. Baada ya raundi tatu nne mtu anaegesha kreti mlangoni usijifunge, kwa sababu mkono wa mhudumu umechoka. Visahani vya majivu vikijaa, anayekwenda kuvimwaga ni huyohuyo. Kwa hiyo yule ambaye sheria ilitungwa kwa ajili yake ndiye anayeingia kwenye moshi mzito kuliko ule uliokuwepo kabla ya sheria. Na mteja asiyevuta, aliyeketi mbali, anashukuru serikali.

Asiyeamini achukue kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni, apanguse kioo kilicho nyuma ya chupa katika baa inayovutiwa sigara. Atazame kitambaa. Kilichoganda pale ndicho kinachovutwa na kijana wa kaunta zamu nzima, na yeye hajawahi kuwasha sigara.

Ndiyo maana naona Ireland walilishika jambo hili mahali pake. Marufuku yao ya Machi 29, 2004, ya kwanza ya nchi nzima kuhusu sehemu zote za kazi zilizofungwa zikiwemo baa, ilisimama juu ya haki ya mfanyakazi. Mvutaji hakutukanwa wala hakuhubiriwa. Aliambiwa tu kwamba hapa kuna mtu yuko kazini. Hoja hiyo hata mlevi anaielewa, kwa sababu naye kesho ana kazi yake. Scotland walipofuata, Machi 26, 2006, watafiti waliwapima wahudumu wa baa mjini Dundee na kukuta matatizo yao ya kupumua yamepungua ndani ya miezi miwili. Utafiti mwingine wa hospitali tisa za huko ulionyesha waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na matatizo yanayofanana nao wamepungua kwa asilimia 17 katika mwaka uliofuata.

Nusu sheria ina gharama nyingine ambayo haionekani kwenye bajeti ya wizara yako, maana inatoka mfukoni mwetu. Waulize wenye baa wa Hispania. Sheria iliyoanza Januari 2006 iliwaambia wenye baa zisizofika mita za mraba 100 wachague wenyewe kama ni ya wavutaji au la. Wakubwa waliotaka kuruhusu sigara walitakiwa kutenga sehemu. Watu wakaita mafundi, wakajenga kuta, wakafunga mitambo ya hewa. Januari 2, 2011, serikali hiyohiyo ikapiga marufuku kila mahali, na kuta zile zikabaki mapambo. Karibu baa zote ndogo zilikuwa zimechagua moshi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpeleka mteja kwa jirani. Hiyo ndiyo maana ya kutuachia tuchague: unatuacha tuchungulie kwa mwenzetu, na wote tunabaki palepale.

Ujerumani ilikuwa kinyume chake. Huko sheria za majimbo kadhaa ziliruhusu chumba cha wavutaji, jambo ambalo lilimfaa mwenye ukumbi mkubwa tu. Mwenye baa ya chumba kimoja atatoa wapi cha pili? Wenye baa ndogo wakaenda Mahakama ya Katiba, na Julai 30, 2008 wakashinda. Zingatia mahakama ilisema nini, Mheshimiwa: kwamba bunge lina uwezo wa kupiga marufuku kabisa, lakini likianza kutoa misamaha, haliwezi kuitoa kwa namna inayomuua mdogo na kumnenepesha mkubwa. Jimbo la Bavaria wakamaliza ubishi kwa kura ya wananchi, Julai 2010, wakapiga marufuku bila misamaha.

England nako serikali ilitaka kwanza kuziachia baa zisizouza chakula na klabu za wanachama. Wenye baa wenyewe walilalamika: kama klabu ya pili kutoka kwangu inaruhusiwa, mimi unaniua kwa nini? Bunge lilipopiga kura Februari 2006 lilifunga milango yote, na sheria ikaanza Julai 1, 2007.

Sisemi kwamba haitamgusa mtu. Baa ndogo isiyo na uwanja, ambayo wateja wake ni wazee wanaokunywa taratibu na sigara mkononi, itapoteza baadhi yao. Hilo litatokea, na atakayekuja kukwambia vingine anakutaka kitu. Ninachosema ni kwamba hasara inayompata kila mtu kwa pamoja inavumilika. Inayonipata mimi na kumruka jirani yangu ndiyo inayonifanya nianze kumtafuta mkaguzi wa kuelewana naye.

Na ukiandika, andika moshi, usiandike sigara peke yake. Ukiitaja sigara tu, mwezi ujao kila meza itakuwa na shisha, na mkaa wa shisha unatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ambayo huioni wala huinusi.

Halafu kuna suala la nje. Wizara yako itaniambia nimtoe mvutaji. Sawa, namtoa. Akitoka anatoka na chupa yake na rafiki zake wawili, wanasimama barabarani wanacheka. Jirani anapiga simu. Siku ya pili anakuja ofisa wa leseni, ambaye hayuko chini yako, ananiambia wateja wangu wanakunywa nje ya eneo la leseni na kupiga kelele, na nikirudia atanifungia. Nikiwarudisha ndani nimevunja sheria yako; nikiwaacha nje nimevunja yake. Uganda sheria yao ya mwaka 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka sehemu za umma. Kwa afya naielewa. Lakini kwenye mtaa uliobanana, mita 50 kutoka mlangoni kwangu ni sebuleni kwa mtu mwingine, na mimi sina mamlaka ya kumwamuru mtu aliyesimama kwenye kibaraza kisicho changu. Niwajibishe kwa pale ninapolipia kodi. Zaidi ya hapo tuma askari. Kaa na mwenzako wa leseni, mwandike mstari mmoja unaosema mvutaji asimame wapi, kisha mtuletee.

Nije kwenye pombe.

Hapa sitajifanya malaika. Ninauza kitu ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabia vifo milioni 2.6 kwa mwaka 2019 pekee, na ambacho watafiti wa saratani wa shirika hilo wamekiweka kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani tangu 1988. Kwa hiyo sibishi kwamba nisimamiwe. Ninachobisha ni mazoea ya kuishika pombe mahali pamoja tu, kwenye saa ya kufunga baa, kwa sababu baa ina mlango na taa na ni rahisi kuipata.

Saa za kufunga zina mchezo wake. Majimbo kadhaa ya Australia, pamoja na New Zealand, yalianza kufunga baa saa kumi na mbili jioni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1916 na 1917. Wanaume walitoka kazini saa kumi na moja. Wakawa na saa moja tu, wakaitumia ipasavyo: wanasimama wamebanana, wanashindilia walichoweza, kisha wanamwagwa barabarani wote kwa pamoja. Jimbo la New South Wales waliacha 1955. Victoria mpaka 1966, New Zealand 1967. Kwa kipimo kidogo mimi huyaona hayohayo kila ninapotangaza raundi ya mwisho. Mtu aliyekuwa na chupa moja kwa saa nzima anaagiza tatu, zinapangwa mezani, na anazimaliza kwa sababu amezilipia.

Lakini nikitaja Australia niitaje yote. Mjini Newcastle, mwaka 2008, baa zilizokuwa zikifunga saa kumi na moja alfajiri zilirudishwa hadi saa tisa na nusu usiku, na mashambulizi ya usiku yakapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo saa zina maana. Anayebaki kaunta saa kumi alfajiri hanywi kwa raha tena, na mwenye baa yeyote mkweli atakwambia kwamba saa zile faida ni ndogo na vurugu ni nyingi. Kata huko, sitakusumbua. Ila ukikata jioni, kama Kenya walivyofanya kwa sheria ya 2010, baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, jiulize yule asiyekuwa ameshiba anakwenda wapi saa tano na dakika kumi. Nyumbani wachache. Wengine wanakwenda kunywea mahali pasipo na leseni, pasipo na choo, na pasipo na mtu wa kuwaambia basi.

Kumwambia mtu basi ndiyo kazi yetu ambayo hakuna anayeihesabu. Mhudumu mzoefu hamwambii mlevi "umelewa". Huo ni ugomvi. Anachelewesha. Anakwenda na oda na kurudi amesahau. Analeta maji kwanza. Anamnong'oneza rafiki yake mwenye akili timamu. Kama kuna funguo za gari mezani, anazipangusia meza na kuzihamishia kaunta. Baunsa anaingia mwisho kabisa, na akiingia ujue wengine wote wameshindwa. Chupa iliyonunuliwa dukani na kunywewa chumbani haina hata mmoja wa watu hawa.

Viroba vilikuwa mfano ulio wazi. Pombe kali ndani ya mfuko wa plastiki, inaingia mfukoni mwa sare ya shule, na bei yake haimzuii mtoto. Tanzania ilipovipiga marufuku Machi 2017, hakuna mwenye baa niliyemsikia akilia. Havikuwa vyetu. Vilikuwa vya kaunta ya duka, kando ya peremende.

Scotland nao walikwenda kwenye bei. Waliweka bei ya chini kabisa kwa kila yuniti ya kileo, yaani kulingana na kiasi cha kileo kilichomo kwenye chupa; sheria ikapita 2012, lakini ikaanza kutumika Mei 2018 tu. Kilichoichelewesha ni kesi ya chama cha watengenezaji wa wiski, iliyofika mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza. Chama cha wenye leseni za baa wa hukohuko kilikuwa upande wa serikali! Bei ya baa tayari ilikuwa juu ya kiwango hicho. Iliyobanwa ni pombe ya bei ya kutupa kwenye maduka makubwa. Nakuandikia hili ili siku ukimwita mtu wa kiwanda usidhani umeniita na mimi.

Sasa wakaguzi, kwa kifupi, maana unayajua. Sheria ikiandikwa kwa maneno kama "mazingira yasiyoridhisha", mkaguzi anakuja na tafsiri yake, na tafsiri hiyo huwa inaridhika kwa bahasha. Wa kwetu mmoja alipima upana wa dirisha kwa kiganja. Andika vipimo. Andika faini, ilipwe benki au kwa simu kwa namba ya kumbukumbu. Taja anayeruhusiwa kukagua na kitambulisho atakachoonyesha. Umri wa mteja vilevile: niambie ni kitambulisho gani ninachotakiwa kukikubali, na kijana akija na cha kughushi kilichotengenezwa vizuri, niambie nihesabiwe nimefanya nini.

Ombi langu ni la utaratibu. Rasimu itolewe kabla haijafika bungeni, kwa lugha ambayo meneja wa zamu anaweza kuisoma. Tupewe miezi sita tangu ipitishwe hadi ianze, ili atakayehitaji kutengeneza kibanda cha nje atengeneze. Na siku ya kikao, pamoja na sisi wenye baa, ita wahudumu. Waite peke yao, sisi mabosi wao tukiwa nje ya mlango, uwaulize kuhusu kile chumba cha wavutaji.

Wako,
Mwenye baa