Mchunga uliokamuliwa mara tatu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua. Mimi ni muuza mboga hapa Ngamiani, Tanga. Ukurasa wenu wa afya wa wiki iliyopita uliosema vitu vichungu ni dawa ya tumbo umenigusa, maana uchungu ndio biashara yangu. Nauza mchunga.

Kwa asiyeujua, mchunga ni mboga ya porini inayojiotea kwenye mashamba ya mihogo, hasa mvua zikishika. Ukivunja jani linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Ukishachambua mafungu ishirini vidole vinanata na kuwa vyeusi, na sabuni haifui dafu mpaka ujipake mafuta ya nazi kwanza. Bibi yangu wa Muheza, mtu akijaa tumbo au akitoka kwenye homa hataki chakula, alikuwa anampikia mchunga. Tonge la kwanza unakunja uso, mate yanajaa mdomoni. La pili unalitafuta mwenyewe.

Lakini wateja wa siku hizi! Wanachemsha kwa magadi, wanakamua, wanamwaga maji, wanachemsha tena. Juzi dada mmoja kaniambia yeye hukamua mara tatu "mpaka uchungu uishe wote". Nikamwambia, mwanangu, si ungenunua mchicha tu? Sisi tunakamua mara moja, tena si kwa nguvu, kisha unaingia kwenye tui zito na kitunguu na kipande cha papa mkavu. Tui linautuliza, haliuondoi.

Na hao hao wanaokimbia uchungu wa sahani ndio wanaonunua uchungu wa chupa. Kijana wa dada yangu alinunua stendi dawa nyeusi ya maji, eti ya gesi, vidonda vya tumbo, presha na nguvu za kiume, yote humo humo. Chupa haina jina la mti wala kipimo. Kaambiwa nusu glasi asubuhi, nusu jioni. Usiku ule ilikuwa yeye na choo, choo na yeye, na alfajiri tukampeleka kutundikiwa dripu. Nilipogusa tone kwa ulimi nikaitambua pale pale: shubiri. Naijua tangu nilipokuwa nawaachisha wanangu ziwa, unapaka kidogo kwenye chuchu, mtoto akionja anageuza uso. Ule utomvu wake wa njano, ulio chini ya ganda la jani, unaharisha vibaya. Wazee waliutoa kwa matone, hawakuupima kwa glasi.

Mwarobaini nao mmeusifu nusu ukurasa. Hamkusema mjamzito asinywe. Hamkusema mtoto mchanga asinyweshwe mafuta yake, na mafuta hayo yanaweza kumtia degedege. Watu wakisikia maradhi arobaini wanadhani hakuna linaloweza kuharibika.

Ombi langu ni hili: mkiandika mitishamba, andikeni ni sehemu gani ya mti, kiasi gani, na nani asiiguse. Nafasi ikiwa ndogo, punguzeni ile picha ya mwanamke anayecheka na glasi ya majani. Hakuna anayecheka akinywa mwarobaini.

Na yule dada wa kukamua mara tatu, kama anasoma, aje nimwelekeze. Nafika sokoni alfajiri, saa nne mchunga umekwisha.

Mama muuza mboga,
Ngamiani, Tanga