Leo Tutabisha Mpaka Shela

Shoga yangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Huku Lamu sote wazima, ila kusi, upepo wa kusini, inavuma usiku na mchana mpaka mchanga unaingia kwenye vyungu.

Ujumbe wako umenichekesha hadi watoto wakaja kuuliza kuna nini. Kumbe siku ile ulipanda mashua roho iko juu! Nahodha aliposema, "Leo tutabisha mpaka Shela," wewe ukadhani wale wanaume wana ugomvi wao na wanakwenda kuumalizia baharini. Si ungeniuliza palepale?

Huko kwenu Dodoma mtu hubisha hodi, au hubisha neno asilolikubali. Pwani kuna kubisha kwa tatu, ndiko kwa mabaharia: kukipeleka chombo kule unakotoka upepo. Chombo cha tanga hakiukabili upepo uso kwa uso. Ukijaribu, tanga linapigapiga na chombo kinasimama. Basi kinakwenda mshazari, kinageuzwa, kinakwenda mshazari upande wa pili, hivyo hivyo mpaka kifike. Kwa miguu Shela si mbali, unafuata ufuo tu. Lakini msimu huu upepo unatoka hukohuko Shela, na mkono wa bahari kati yetu na kisiwa cha Manda ni mwembamba. Ndiyo maana mara mlikuwa karibu na mikoko ya Manda, mara mko upande wetu, nawe ukamhesabu nahodha kuwa amepotea.

Na yule kijana aliyekuwa akiburuta viroba vya mchanga hakuwa anafanya usafi. Kila mashua ikigeuka, uzito lazima uhamie upande upepo unakotokea, la sivyo inalala. Upepo ukizidi, ubao hutokezwa nje ya ubavu na mabaharia wakaenda kukaa mwisho wake, miguu inaning'inia juu ya maji. Ungekuja wakati wa mashindano ya mashua ya Maulidi ungewaona, na ungepiga kelele kuliko siku ile.

Mashua ndogo hubisha vizuri. Jahazi kubwa ni kazi nyingine. Kulipitisha tanga upande wa pili, demani, kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, hufunguliwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikasimamishwa wima ubavuni mwa mlingoti, tanga likazungushwa kwa mbele, kisha kamba zote zikafungwa upya. Fikiria kufanya hivyo kutwa nzima. Wazee hawakuwa wajinga. Waliona bora kungoja. Majahazi ya Oman, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba mpaka Machi, yakarudi na kusi. Tena si kusi yoyote, maana Juni na Julai bahari huchafuka vibaya. Waliwahi kuondoka Aprili au Mei, ama wakakaa mpaka Agosti upepo ulipoanza kulegea. Majira hayo ya mwisho wa kusi nayo yanaitwa demani, jina lilelile la ile kamba ya tanga.

Lugha hii ya bahari ina mitego! Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele, lakini mwambie mtu wa bara akae tezini atafikiri habari za hospitali, na ukimtuma omoni atakuletea ndoo ya kufulia. Ile methali ya "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Nani alituambia kwamba ngama ni kule chini kabisa maji yanakojikusanya yakangoja kuchotwa na kumwagwa nje?

Sasa, swali lako kama kubisha ni maneno matatu au ni moja. Mimi nashika kwamba ni moja. Anayebisha hodi hagongi mara moja akaingia. Hugonga, akangoja, akagonga tena. Chombo kikibisha nacho hugonga wimbi, kikageuka, kikaligonga jingine, utasikia mbao zinavyolia. Na kwa ubishi wa maneno, nenda kijiwe cha kahawa hapo kwenu uwasikilize wa Simba na wa Yanga. Mmoja akizidiwa kwenye mabao anahamia kwenye usajili. Akibanwa kwenye usajili anahamia kwa waamuzi. Baadaye unamkuta amerudi kwenye mabao, ila sasa amesogea mbele na mwenzake hajui amefikaje hapo. Hiyo si mashua ya kwenda Shela ni nini?

Mume wangu hakubali. Anasema watu wa shule tunapenda kufunga kamba penye kamba na pasipo kamba, na kwamba baharia akibisha hana habari na hodi ya mtu. Tumelumbana mpaka chai ikapoa. Nimemwacha, kwa sababu kila akikosa la kusema anaondoka kwenda kutazama nyavu.

Ukija tena, jaribu Januari. Kaskazi itakuwa imeshika, na huenda mkafika Shela bila kubisha hata mara moja. Nauli ya mashua utoe wewe, mie nitapika. Na zabibu za Dodoma zisisahaulike, mara hii uziweke kwenye kikapu, si kwenye mfuko wa plastiki.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wako,
Shoga yako wa Lamu