Mwanangu, usitume hela ya nyumba kwa picha

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata, na zile picha za nyumba ya kupanga ya Njiro hapo Arusha nimeziona zote, nilizifungua jana usiku nikishafunga duka nikamwonyesha na baba yako. Nyumba ni nzuri kweli, tailizi zinang'aa, jipsamu, jikoni makabati mpaka juu. Ila pale uliposema jamaa wa mtandaoni anataka umtumie laki mbili ya kuishikia kabla hujaiona eti kuna wateja wengine wanaisubiri, mwenzio usingizi ukakata. Usitume. Hata elfu kumi usitume.

Hili nalijua kwa kuumia mwanangu. 2011 nilipohamia Arusha kikazi, we ulikua darasa la pili, dalali mmoja nilokutana nae karibu na stendi alinipeleka Sakina, nikaona chumba na sebule nikapenda, nikalipa miezi sita yote kwa mkupuo na dalali nikampa chake, kodi ya mwezi mmoja, kama kawaida yao. Wiki ya tatu anagonga mlango mama mtu mzima ananiuliza we nani na umeingiaje kwenye nyumba yangu. Kumbe yule niliyemlipa kodi nikidhani ndio mwenye nyumba alikua mpangaji tu anaehama! Dalali simu haipatikani mpaka leo. Na majirani walikua wanamjua mwenye nyumba, mwenyekiti wa mtaa anamjua, ningeuliza mtu mmoja tu hapo nje ningeambiwa. Sikuuliza. Zile wiki ulikua unalala kwa bibi ukidhani ni likizo, ndio sababu yenyewe.

Sasa usije ukasema mama kwahiyo madalali wote wezi bora mtandao. Hapana, aliyenitoa kwenye shida ile alikua dalali pia, mzee mmoja fundi viatu Moshono, anashona huku anajua kila nyumba inayoachwa wazi mtaa mzima. Kulikua na nyumba nimeipenda, bei nzuri, akaniambia mama hiyo usichukue, masika maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Hela yake ilikua palepale angenyamaza tu, akaniacha nikasubiri wiki mbili mpaka ikapatikana ile tuliyokaa miaka minne, unaikumbuka, yenye mparachichi. Nani atakuandikia kwenye posti kwamba nyumba inaingia maji?

Na hao wa mtandaoni ni walewale madalali, tofauti ni kwamba uso wake huuoni. Angalia vizuri utakuta picha zilezile ziko kwenye akaunti tatu, bei tatu, na wote watatu hakuna mwenye ufunguo. Ila simu usiiache, itumie kujua bei. Kaa nayo jioni mbili tatu uone vyumba viwili Njiro wanataka ngapi, Kwa Mrombo ngapi, Moshono ngapi, ili ukitajiwa ujue unapigwa au la. Maana dalali anakula kodi ya mwezi mmoja, kodi ikipanda na chake kinapanda, kwahiyo hata awe mtu mzuri vipi usitegemee yeye ndio akuombee punguzo kwa mwenye nyumba. Hilo omba mwenyewe, na uombe mbele ya mwenye nyumba.

Tafuta dalali wa mtaa huohuo, anaekaa hapo, ambae kesho ukimtafuta unajua anakaa wapi. Hela ya kuzungushwa kuona nyumba mpatane kabla hamjatoka. Ile kodi yake ya mwezi mpe ukishashika ufunguo na mkataba mmesaini na mwenye nyumba mwenyewe, sio kabla. Uliza LUKU ya umeme ni ya kwako peke yako au mnachangia mita moja, maana hapo ndipo ugomvi wa wapangaji unapoanzia. Na maji mwanangu, maji! Uliza ni ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki, au ni kisima. Huko Meru visima vingi vina floridi nyingi, si unaona watu waliokulia Maji ya Chai meno yanavyokua ya kahawia, wao walikunywa tangu watoto. We umeshakua yako hayatabadilika rangi, ila siku ukipata mtoto humo ndani utanikumbuka.

Baba yako ananiambia niandike na habari ya kiwanja eti uanze kuweka hela. Kiwanja bado, na siku ikifika hapo usimwamini picha wala dalali wala mimi, ni kwenda kwa Msajili wa Hati ufanye sachi ujue jina lililoko kwenye hati ni la nani, na kama ni nyumba ya familia mke au mume wa muuzaji nae asaini ridhaa.

Huyo wa Njiro mjibu tu kwamba utakuja kuiona Jumamosi na mama yako. Kama nyumba ipo atakuambia njoo. Mi napanda Coaster ya asubuhi kabisa hapa Moshi, nisubiri stendi kubwa, vaa viatu vya kutembelea, tutaanzia Njiro alafu Moshono nione kama yule mzee bado anashona pale. Nakuletea ndizi na mbege kidogo ya jirani yako wa sasa, nimesikia anakulindia sana chumba chako.

Mama yako