Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: Afande na daftari letu

Wanachama wenzangu habari zenu, na shikamooni wale mnaostahili. Taarifa hii naiandika kwenye simu usiku kwahiyo makosa mtanivumilia. Ya kawaida nayapitisha haraka: hesabu ziko kwa mweka hazina na zimekaguliwa, ada wengi mmelipa, wachache mnajijua, turubai letu limechanika upande mmoja na aliyeliazima kanyamaza mpaka leo. Hayo tutaongea kikaoni.

Kubwa la mwaka huu ni kwamba tumempoteza Afande. Wengi wetu jina lake kamili tulilisikia siku linasomwa kaburini. Kwetu alikuwa Afande tu, mtu wa daftari la mahudhurio, anafika wa kwanza, anakaa kiti kinachoangalia mlango, anapiga mistari kwa rula, ukichelewa dakika kumi anakuandika umechelewa hata kama wewe ndo mwenyekiti. Mimi kaniandika mara ngapi sijui.

Niseme ukweli, miaka mingi nilimuona mzee wa maringo. Unampa shikamoo barabarani anapita kimya kama hajakuona, nikawa nasema moyoni huyu jeshi limempanda kichwani. Kumbe sikio la kushoto lilikuwa halisikii kabisa tangu 1979. Nilikuja kuambiwa na mama mjane, tena msibani, kwamba vitani alikaa karibu sana na ile mizinga ya roketi waliyoiita Saba Saba, na kwamba nyumbani wote walishazoea, ukitaka kuongea na baba unakaa kulia kwake, watoto walikuwa wanagombania upande huo huo mmoja. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa namsalimia kushoto.

Vijana hapa msome taratibu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakashika ardhi yetu yote ya kaskazini mwa mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Jeshi letu JWTZ peke yake lisingetosha ndo maana wakachukuliwa na mgambo, polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, na Afande alikuwa mgambo, kijana ambaye hata hajaoa. Siku hizi tunaviongelea vile vita kama vile watu walipanda basi wakashukia Kampala. Walitembea jamani, kwa miguu, na mzigo mgongoni. Masaka, halafu Lukaya ambako walikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na wengine wakaendelea hadi mpaka wa Sudan mwezi wa sita.

Aliporudi nchi ilikuwa hoi, watu walishaambiwa wafunge mkanda miezi 18 na wote tunajua miezi ile haikuisha kwa 18. Yeye akaoa, akawa fundi baiskeli. Nyinyi mliopitia pale kwake mnakumbuka, rimu ikipinda anaizungusha taratibu, anainama na kichwa kakigeuza upande, anasikiliza inapogusa breki halafu anakaza spoku moja. Sasa najua kwa nini alikuwa anageuza kichwa. Kwa spoku hizo kasomesha watoto watano, na wa kike ndo walitangulia kumaliza, hilo alilisema kwa sauti na mlikuwepo.

Vita hakusimulia. Mwanae mkubwa ananiambia mara moja tu alimpeleka Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, mzee akapita mstari kwa mstari anasoma majina mdomo unacheza bila sauti, akafika pengine akasimama, akavua kofia, akasema "huyu alikuwa na deni langu la sigara," basi, wakarudi kwenye gari. Mimi nilikaa naye meza moja vikao vyote vile na sikuwahi kumuuliza kitu zaidi ya nani hajafika.

Mwezi ule alipolazwa, binti yake wa mwisho alituletea daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mistari ameshaipiga, majina yote ameshayaandika kwa mkono unaotetemeka, tumalizie tiki tu. Jina lake lilikuwa namba nne kama siku zote na mbele yake kaandika mwenyewe: hayupo, hana udhuru. Nikampigia, nikasema Afande si umelazwa, udhuru gani tena unautaka? Akasema katiba inataka udhuru wa maandishi siku tatu kabla na yeye ameugua jana.

Faini yake mama ameilipa wiki iliyopita, tulimkatalia akagoma kuondoka. Mweka hazina kamkatia risiti, na kaiandika kwa jina la Afande.