Baba Mdogo, ile namba inagawanyika

Shikamoo Baba Mdogo,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu ubishi wenyewe ulikuwa wa hadharani. Kama miwani imepotea tena, Mama Mdogo atakusomea.

Unakumbuka Krismasi ile nyumbani Marangu? Mbege ilikuwa imeshazunguka mara mbili, ukachana boksi ukaandika: 2, 4, 16, 256, 65,536, kila namba ikijizidisha yenyewe kuzaa inayofuata. Ukaongeza moja kwa kila mmoja wao: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, ukasema, na ni kweli. Kisha ukaandika ya sita, 4,294,967,297, ukaapa kwamba nayo ni tasa, maana umeigawanya na kila tasa mpaka 101 ikagoma.

Inagawanyika, Baba Mdogo. Usione haya lakini, umeponzwa na kitu kilekile kilichomponza Fermat, mwanasheria wa Toulouse kule Ufaransa, ambaye hesabu zilikuwa starehe yake tu. Mwaka 1640 aliandika kwamba mlolongo huo wote anaamini ni wa namba tasa. Ikapita karibu karne nzima, hadi mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, alipotoa kigawo cha hiyo namba yako ya sita: 641.

Siri aliieleza baadaye, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Tasa yoyote inayoigawanya namba yako lazima ukiigawanya kwa 64 ibaki moja. Basi 7, 11, 13 na wenzao hawahusiki kabisa. Chukua vigawe vya 64, ongeza moja, tupa zisizo tasa: unabaki na 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Wewe ulipoishia 101 hukuwa umegusa hata moja yenye nafasi ya kushinda. (Na mwalimu wa hesabu mzima!)

Jumapili nikakaa kibarazani hapa Moshi mjini nihakikishe. Kalkuleta ya dukani ina nafasi nane, ikaniandikia E. Nikarudi kwenye njia uliyonifundisha wewe, nyuma ya daftari la madeni. 641 kwenye 4294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Shusha 6, sifuri. Shusha 7, sifuri tena. Hapo nikadhani nimeharibu. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1089, mara 1, baki 448, ileile ya mwanzoni. Imebaki 7 moja ya kushusha: 4487. Nikatazama juu kwenye karatasi. 641 mara 7 ilishaandikwa pale, 4487 kamili. Baki hakuna. Jibu 6,700,417.

Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kama kuna nyoka.

Mpaka leo hakuna aliyepata tasa nyingine kwenye mlolongo huo zaidi ya zile tano zako. Desemba nikipanda Marangu nakuja na ya saba: 18,446,744,073,709,551,617. Tarakimu 20, sawasawa na tokeni ya LUKU. Nayo inagawanyika, ila jibu lilisubiri mpaka 1880 kutangazwa, na aliyelitangaza, Mfaransa aitwaye Landry, alikuwa mzee wa miaka 82. Kwa hiyo umri usiufanye kisingizio. Kigawo chake kidogo kina tarakimu sita, nimekikunja kwenye karatasi ndani ya pochi, na sikitoi mpaka uniombe mwenyewe mbele ya watu.