Petro alipohama meza

Shinyanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku tu wazima. Mtoto anaongezeka uzito, mama yake amepata nguvu, na bibi yake hataki kumwachia mtu mwingine amshike. Natumaini shemeji na watoto nao hawajambo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa na uchungu. Ulipokataa kuwa mdhamini wa ubatizo wa mwanangu, niliumia. Uliponieleza sababu, kwamba ubatizo wa maji ni wa Injili ya Petro, Injili ya Wayahudi, na kwamba sisi watu wa Mataifa, tusio Wayahudi, tuna Injili nyingine aliyopewa Paulo peke yake, niliumia zaidi. Niliona kuwa jambo hili halihusu ubatizo wa mtoto tu. Basi nimekaa wiki tatu na Biblia na lile daftari lako uliloniachia, nikasoma kila fungu uliloandika. Nakujibu sasa.

Nianze na mahali uliponishinda. Ni kweli, katika Mathayo 10 Yesu anawaambia wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, wasiende katika njia ya Mataifa, waende kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli. Ni kweli, Matendo 11:19 inasema waliotawanyika baada ya kifo cha Stefano hawakulihubiri lile neno ila kwa Wayahudi. Ni kweli pia kwamba Paulo anasema "Injili yangu," na kwamba anazungumzia siri ambayo vizazi vya kwanza hawakujulishwa. Nimehubiri miaka mingi nikiyaruka mafungu hayo kana kwamba hayapo. Walimu wako hawayaruki, na kwa hilo nawaheshimu.

Nimefuatilia pia mafundisho hayo yametoka wapi. Msingi uliwekwa na mhubiri John Nelson Darby katika karne ya 19, aliyetenganisha Israeli na Kanisa kama watu wawili wa Mungu wenye mipango miwili. Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka Marekani mwaka 1909, ikayasambaza. Humo "Injili ya ufalme" na "Injili ya neema" zimewekwa mbalimbali. Lakini Darby na Scofield waliona Kanisa limeanza Pentekoste. Wengine wakasogea mbele zaidi, wakasema limeanza na Paulo katikati ya Matendo, na Bullinger, padri wa Kianglikana wa Uingereza, akaliweka baada ya Matendo 28. Kila mmoja alisogeza mpaka, na kila uliposogea, vitabu vinavyotuhusu vikapungua. Wewe sasa umebaki na nyaraka za Paulo. Uliniambia waraka wa Yakobo huusomi tena kwa sababu hakukuandikia wewe. Ndugu yangu, hilo lilinihuzunisha kuliko suala la mtoto.

Tuje kwenye fungu lako kuu, Wagalatia 2:7. Paulo amekabidhiwa Injili ya wale wasiotahiriwa, kama Petro alivyokabidhiwa ya waliotahiriwa. Umepigia mstari mara mbili, ukaandika pembeni: "Injili mbili, wazi kabisa." Lakini tazama neno hilo "ya" linavyofanya kazi hata kwetu. Huku Usukumani tukisema maji ya ng'ombe na maji ya mbuzi, kila mtu anajua lambo ni moja. Na Paulo hatuachi tukisie: mstari wa 8 anaueleza kama utume, na wa 9 anasema walipeana mkono wa shirika, huyu aende kwa Mataifa na wale waende kwa watu wa tohara. Waligawana mashamba. Na hata mashamba yenyewe yaliingiliana. Kornelio, askari wa Kirumi asiye Myahudi, alihubiriwa na Petro. Paulo naye alipotumwa, Matendo 9:15 inawataja Mataifa, wafalme, na wana wa Israeli, na mji baada ya mji alitafuta sinagogi kwanza: Salami, Ikonio, Thesalonike, Beroya, Korintho, Efeso. Kama hakuwa na Injili ya Wayahudi, alikuwa akiwahubiri nini mle ndani?

Halafu soma mistari inayofuata, ambayo katika daftari lako haimo. Wagalatia 2:11 na kuendelea. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Petro yuko Antiokia anakula na watu wa Mataifa. Wanakuja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, anaogopa, anajitenga. Barnaba, mwenzake Paulo, naye anachukuliwa. Paulo anampinga Petro uso kwa uso, mbele ya wote, kwa sababu hawaendi sawasawa na kweli ya Injili. Sasa chukua mafundisho ya Injili mbili uyaweke pale Antiokia. Petro ana Injili yake na watu wake, Paulo ana yake na wake. Basi Petro kosa lake nini? Amerudi kwenye meza ya watu wake tu! Angeweza kumjibu Paulo, "Ndugu, wewe shika wako, mimi nishike wangu," na Paulo asingekuwa na neno. Hasira ya Paulo ina maana pale tu Injili inapokuwa moja, tena moja kiasi kwamba kuhama meza ni kuikana. Kisha anaendelea: sisi tulio Wayahudi kwa asili, tukijua mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, sisi nasi tulimwamini Kristo Yesu. "Sisi" hiyo ni yeye na Petro.

Na Petro mwenyewe anasema nini kwenye mkutano wa mitume Yerusalemu, kuhusu watu wa Mataifa? Matendo 15:11: "Bali twaamini kwamba tutaokoka kwa neema ya Bwana Yesu vilevile kama wao." Mimi ningetegemea aseme kinyume, kwamba wao wataokoka kama sisi. Ameigeuza. Myahudi, mkuu wa mitume, anasema sisi tutaokoka kama hawa wasiotahiriwa. Nilipoiona hiyo nilisimama nikazunguka uani.

Kuhusu zile Injili mbili, ya ufalme na ya neema, fungua Matendo 20. Mstari wa 24 Paulo anawaambia wazee wa Efeso kwamba kazi yake ni kuishuhudia Habari Njema ya neema ya Mungu. Mstari wa 25, pumzi ileile, anasema alipita kwao akiuhubiri ufalme. Na kitabu kinapofungwa yuko Rumi katika nyumba aliyoipanga, bado anahubiri ufalme wa Mungu. Tena anawaambia Wakorintho, baada ya kumtaja Kefa, yaani Petro, na Yakobo na mitume wote: "Basi, kama ni mimi, kama ni wale, ndivyo tuhubirivyo, na ndivyo mlivyoamini."

Maji, sasa. Uliniandikia kwamba Kristo hakumtuma Paulo kubatiza, 1 Wakorintho 1:17. Sawa, ila mistari miwili mitatu nyuma anawataja aliowabatiza kwa mkono wake: Krispo, Gayo, watu wa nyumbani mwa Stefana. Krispo alikuwa mkuu wa sinagogi. Na kwa Kornelio, Petro aliuliza ni nani awezaye kukataza maji. Nimekuwa nikilirudia swali hilo moyoni, nikiwaza barua yako.

Hata hivyo sitaki udhani upande wetu ni msafi. Huko kanisani nimesikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimefundisha katika darasa la kipaimara, kwamba Israeli ilikataa, Mungu akaitupa, na Kanisa likachukua nafasi yake. Fundisho hilo ni la kale, tangu Yustino Shahidi katika karne ya 2, na matunda yake ni machungu. Luther wetu mwenyewe, aliyeandika kwa upole mwaka 1523 kuwakumbusha watu kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, mwaka 1543 aliandika kwamba masinagogi yachomwe moto. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani maandiko hayo mwaka 1994. Sisi huku hatuyataji. Nadhani tunapaswa kuyataja, kwa sababu mtu akishaamini kwamba Mungu anaweza kuwatupa watu aliowaapia, haitachukua muda kuamini kwamba na yeye anaruhusiwa kuwatupa.

Tena Warumi iliandikwa kuzuia jambo hilohilo. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Rumi, mwaka 49 hivi. Ndiyo maana Paulo anakutana na Akila, Myahudi, na mkewe Prisila Korintho. Klaudio akafa mwaka 54, na katika Warumi 16 Akila na Prisila wamekwisha rudi, kanisa linakutana nyumbani mwao. Hebu fikiri: waumini wa Mataifa wamekaa miaka kadhaa wenyewe, wameshika uongozi, wamezoea. Halafu wenye nyumba wanarudi. Nadhani ndiyo maana Paulo anawaambia matawi ya mzeituni mwitu, yaani hao wa Mataifa waliopandikizwa katika mzeituni wa Israeli, wasijisifu: "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Na katika sura hiyohiyo: "karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake." Mzeituni ni mmoja. Hakukata mti akapanda mwingine, wala hakupanda miwili.

Wapo wengine pia ambao wewe hukuwataja. Wakatoliki, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, walisema Wayahudi wasionyeshwe kana kwamba Mungu amewakataa au kuwalaani. Mwaka 2015 tume ya Vatikani ikaongeza kwamba Kanisa Katoliki haliendeshi utume maalumu wa kitaasisi wa kuwageuza Wayahudi, ingawa Mkristo anaweza kumshuhudia Kristo kwao kwa unyenyekevu. Wapo Waprotestanti waliovuka hapo wakasema Myahudi ana agano lake linalomtosha, na Yesu ni wa Mataifa tu. Natambua woga wao, baada ya mamilioni kuuawa Ulaya katika nchi zilizojaa makanisa. Ila siwezi kufuatana nao hadi mwisho, kwa sababu ya Paulo, aliyesema Injili ni uweza wa Mungu "kwa Myahudi kwanza, na kwa Myunani pia," na aliyetamani yeye mwenyewe aharimishwe, yaani atengwe na Kristo, kwa ajili ya ndugu zake. Na angalia: wao na walimu wako, ambao hawapendani kabisa, wamefika mlango mmoja. Wote wana njia mbili.

Jambo moja zaidi. Mwaka 1871 Mfaransa mmoja, Clermont-Ganneau, aligundua Yerusalemu jiwe lenye maandishi ya Kigiriki, ambalo sasa liko makumbusho ya Istanbul. Lilikuwa kwenye ukuta wa ndani wa hekalu: mgeni yeyote asipite hapa, atakayekamatwa atakuwa amejitakia kifo chake. Paulo alikamatwa kwa kudhaniwa amemvusha Trofimo wa Efeso, asiye Myahudi, ukuta huo. Na ni yeye anayewaandikia Waefeso kwamba Kristo amekibomoa kiambaza cha kati, ukuta uliowatenga Wayahudi na Mataifa. Aliyajua mawe yenyewe.

Sasa nikuambie kwa nini siwezi kuliacha jambo hili liwe mjadala tu. Unakumbuka kidato cha kwanza. Mimi Msukuma nimetoka nyumbani bila jando, bweni zima ni vijana waliotoka jandoni. Nililopewa kama jina sitaliandika hapa. Walikataa kuoga nami, na bwalo likaisha kwa mimi kukaa peke yangu mwisho wa benchi. "Wasiotahiriwa" halijawahi kuwa neno la kitabuni kwangu. Wewe, Mgogo, uliyepita jandoni kama wao, ulibeba sahani yako ya ugali na maharage ukaja ukakaa mbele yangu. Hukusema kitu. Walikucheka wiki nzima na hukuhama.

Wakati ule hatukuwa tumesoma Wagalatia, hata mmoja wetu. Nilipokuja kusoma habari ya Antiokia nikiwa chuoni, sikumwona Paulo kwanza, nilikuona wewe. Ndiyo maana barua yako ilinichoma. Niliona aliyekuja mezani kwangu sasa ananiambia kuna meza mbili tangu mwanzo.

Huenda nimekosea mahali. Nionyeshe kwa Maandiko kama ulivyozoea, nami nitasoma. Ila anza na Wagalatia 2:11, usianze na wa 7, na Yakobo umrudishe mezani hata kama hamkubaliani. Daftari lako nitakupa tukionana, nimelifunika kwa gazeti lisichakae.

Mchungaji amekubali kusogeza ubatizo hadi Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Kwenye fomu kuna majina mawili ya wadhamini. La kwanza ni dada yake mama mtoto. La pili sijaandika.

Msalimie shemeji sana.

Rafiki yako wa benchi lile